Miadi ya simu za nyumbani: iandike kwa saa za Tanga

Mlioko Ujerumani na wazee wenu wako Tanga, miadi ya kupiga simu nyumbani iwekeni kwenye kalenda kwa saa za Dar es Salaam, si za Berlin. Ukifungua tukio jipya kuna sehemu ya kuchagua ukanda wa saa, ile ambayo wengi tunaipita tu. Chagua Dar es Salaam, andika 20:00 (kalenda haijui saa mbili yetu ya usiku), weka lijirudie kila Jumapili, basi.

Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, kisha huzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tanga hakuna mambo hayo. Bibi wa Ngamiani akikwambia, "Nipigie saa mbili, nikishaswali isha," kwako ni 19:00 kiangazi na 18:00 majira ya baridi. Ukiandika 19:00 ya Berlin, ikifika Novemba unampigia saa tatu, keshalala, na simu inapokelewa na mjukuu anayetaka vocha.

Waandika programu wenzangu, na kwenye msimbo ni vivyo hivyo. Jambo lililokwishatokea, kama malipo, lihifadhi kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyosogezwa. Miadi ijayo hifadhi saa ya ukutani, yaani inayosomeka mahali penyewe, pamoja na jina la ukanda, Africa/Dar_es_Salaam au Europe/Berlin. Ukiandika +1 tu (saa moja mbele ya UTC) kwa Berlin, miezi ya kiangazi yote programu yako itachelewa saa nzima.