SOMO: Kupata kura ya wakazi kabla ya Manispaa kupanga upya mtaa wenu

Ujiji ilikuwa mji kabla hajaja mtu wa kuuchorea ramani. Ndiyo maana neno "kupanga upya" likisikika huku, kila mwenye nyumba anatazama ukuta wake. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe, lakini hailazimishi kura ya ndiyo au hapana, na kushirikishwa kunaweza kuishia kwenye karatasi ya mahudhurio. Kura mtaiandaa wenyewe.

Hatua ya 1. Ombeni mchoro kwa barua kwa mkurugenzi, nakala kwa mtendaji wa mtaa. Msiitishe mkutano kwa tetesi za kijiweni.

Hatua ya 2. Mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano mkuu, na ajenda ionekane kwenye tangazo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo mitaa mingi inapopigwa chenga. Hoja iwe moja: mnakubali mpango huu kama ulivyochorwa? Wahesabiwe wanaokubali, wanaokataa na wasio na upande. Idadi iingie kwenye muhtasari, usomwe papo hapo, usainiwe, ugongwe muhuri. Muhtasari unaosema "wananchi waliridhia" bila idadi hauna kazi. Mimi napendelea vikaratasi vya siri. Nani atanyoosha mkono mbele ya anayemdai?

Hatua ya 4. Nakala iende kwa diwani na kamati ya maendeleo ya kata, mapema, kabla Baraza la Madiwani halijakaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Gungu: Shikamoo mwalimu. Mpangaji naye apige?
Jibu: Marahaba. Apige. Mkutano ni wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Ila andikeni pembeni kura za wale ambao nyumba zao zinaguswa, maana sauti yao ni rahisi kumezwa na wengi.

Mwanachama, Kibirizi: Kuna mahali kura hiyo ni lazima?
Jibu: Ipo miji. Littleton, Colorado, wapiga kura waliamua mwaka 2015 kwamba mipango ya namna hiyo ipitie kwao kwanza. Marekani walishaumwa: mwaka 2005 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, iliuruhusu mji wa New London utwae nyumba za watu kwa ajili ya uwekezaji. Nyumba zikaondoka, kiwanja kikabaki kitupu miaka mingi. Majimbo zaidi ya 40 yakabadili sheria zake.

Mwanachama, Mwanga: Tukikataa, si watatwaa tu?
Jibu: Wanaweza, ndugu yangu. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inampa Rais mamlaka hayo kwa manufaa ya umma. Lakini Ibara ya 24 ya Katiba inadai fidia inayostahili, na fidia si thamani ya nyumba peke yake. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi inayopigiwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Fomu ya uthamini yenye nafasi tupu usiisaini, na piga picha kila ukurasa kabla haijaondoka mkononi mwako.