Somo: Kuchagua nyimbo za kutembea ili kupunguza uzito

Naliandika mara moja lieleweke, maana kila Jumamosi tukifika ufukwe wa Dunga, Kisumu, naulizwa lile lile: "Wewe husikiliza nini?" Wimbo nnaoupenda mimi hautakufaa kama miguu yako haiufuati. Anzeni na miguu.

1. Raba zinazokubana vizuri, maji, simu yenye chaji.

2. Jipime. Tembea kama unayewahi matatu, hesabu hatua kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Hatua 100 kwa dakika ni mwendo wa wastani, 130 ni mwendo mkali.

3. Pima wimbo. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtu anachukua ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, kwa sababu ilimwinua kitini harusini, halafu anataka kukanyaga kila pigo analolisikia. Ngoma zile zinajibizana kwa kasi. Miguu inashindwa, anaanza kutupa hatua ndefu ndefu, na kesho yake miundi inamuuma hadi anaacha mazoezi. Tafuta pigo zito, lile linalokutikisa kichwa bila wewe kutaka. Lihesabu vile vile, sekunde 15 mara 4. Lilingane na hatua zako au lizidi kwa 5 hivi, basi.
ONYO: wimbo ukikuacha, fupisha hatua na upunge mikono haraka. Usirefushe hatua.
ONYO: ukipanda mlima wa Riat, badilisha wimbo. Mdundo wa tambarare utakumaliza pumzi kabla ya nusu ya mlima.

4. Zipange. Rumba ya Kongo nzuri ya kuanzia: waimbaji wanakupeleka taratibu mwili upate moto, kisha sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inaingia na magitaa yanakuvuta. Benga, muziki wa magitaa wa Waluo, iweke katikati, mwili ukishakubali. Umalizie na wimbo wa polepole.

5. Sikio moja liwe wazi. Bodaboda hutokea hata upande usiostahili.

6. Dakika 30, siku 5 kwa wiki. Ndizo 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linataja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima.

MASWALI

JaKondele: Orodha ya nyimbo iko wapi? Nitumie inboksi.
— Hakuna orodha. Hatua ya 3.

Mrembo wa Manyatta: Natembea na muziki kila siku, tunamalizia na soda na mandazi, kilo hazishuki. Hii njia haifanyi kazi.
— Dada, muziki unakufanya utembee zaidi, hauchomi chochote. Wewe mwenyewe umesema mnamalizia na soda na mandazi. Soda ya mililita 300 ina kalori kama 125. Mtu wa kilo 70 atembee zaidi ya kilomita 2 kuimaliza, na mandazi bado.

Binti wa Mamboleo: Mama ana miaka 63, hataki kitu masikioni. Huimba nyimbo za kwaya akitembea. Zitamsaidia?
— Sana! Mwache aimbe. Achague zile za makofi, makofi ndiyo pigo lake zito. Akimaliza ubeti mzima bila kuhema, aongeze mwendo. Akishindwa hata kuitikia salamu za njiani, apunguze. Kama yuko kwenye dawa za presha, amuulize daktari kwanza. Na utembee naye, mwitikie kiitikio. Wawili hawakatizi safari kirahisi. Msalimie mama.

Mwana wa Kakamega: Na isukuti, ngoma ya Waluhya? Ngoma ni tatu, nifuate ipi?
— Swali tamu. Usichague kwa ukubwa wa ngoma. Simama, sikiliza nusu dakika, ushike ile inayorudia bila kubadilika. Zile zinazochezacheza juu yake waachie mabega.

JaKondele: Sasa bando si itaisha?
— Pakua nyimbo nyumbani, weka simu hali ya ndegeni. Chaji pia itadumu.

Binti wa Mamboleo: Na simu ikilowa jasho?
— Ifunge kwa leso, uikaze kiunoni, kioo kikiangalia nje.