Jinsi ya kuondoa mchimbaji wa siri wa sarafu za kidijitali kwenye seva ya wingu

Tuseme unasimamia seva ya ushirika wa wakulima wa zabibu hapa Dodoma, ofisi imefungwa tangu jioni, lakini grafu ya prosesa imeganda karibu na asilimia 100 usiku kucha. Anza kwa kumshuku mchimbaji, yaani programu iliyopenyezwa ili itumie prosesa yako kuzalisha sarafu za kidijitali kwa faida ya mhalifu. Wahalifu hupendelea sarafu iitwayo Monero, kwa kuwa tangu Novemba 2019 inachimbwa kwa kanuni ya RandomX, iliyobuniwa ili prosesa za kawaida ziifanye kazi hiyo vizuri. Wao huchukua sarafu, nawe unabaki na ankara ya dola.

Hatua ya kwanza, usiizime wala kuiwasha upya seva. Chukua nakala ya diski kupitia dashibodi ya mtoa huduma, kisha funga miunganisho yote ya mtandao, ya kuingia na ya kutoka, isipokuwa ya kwako.

Hatua ya pili, endesha `top`, amri inayoorodhesha michakato (programu zinazoendeshwa) na kiasi cha prosesa inachotumia, na usome majina herufi kwa herufi. Kirusi cha Kinsing huendesha mchimbaji aitwaye `kdevtmpfsi`, jina linalokaribia kabisa `kdevtmpfs` ya Linux yenyewe, ambayo `ps`, amri nyingine ya kuorodhesha michakato, huionyesha ndani ya mabano ya mraba na ambayo haili prosesa hata kidogo. Ukishapata namba ya mchakato, angalia `ls -l /proc/NAMBA/exe`: programu inayotokea `/tmp`, `/var/tmp` au `/dev/shm`, au ambayo faili lake limeshafutwa, ni ya kushukiwa sana. Usiiue bado, kwa sababu mara nyingi kuna mlinzi, yaani programu nyingine, anayeifufua papo hapo. Isimamishe kwa `kill -STOP`. Iwapo `top` haionyeshi kitu ilhali grafu ya mtoa huduma bado iko juu, iamini grafu, kisha kagua `/etc/ld.so.preload`, faili ambalo kwa kawaida halipo na ambalo hutumika kuificha michakato.

Hatua ya tatu, pekua crontab (ratiba za kazi zinazojiendesha) za watumiaji wote, huduma za systemd (zinazowashwa pamoja na seva) na `authorized_keys` (orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia), kwani humo ndimo mhalifu anamojipandikiza ili arudi.

Hatua ya nne ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: tafuta mhalifu alipoingilia. Aghalabu ni Docker (mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena) iliyoachwa wazi kwenye poti 2375, Redis (hifadhidata) isiyo na nenosiri kwenye poti 6379, au nenosiri dhaifu la SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Ukisafisha bila kuziba tundu hilo, unamfagilia njia.

Hatua ya tano, jenga seva mpya, kwa maana iliyoingiliwa haiaminiki tena, urejeshe data pekee na ubadilishe funguo na manenosiri yote. Aliyeweza kuchimba aliweza pia kusoma taarifa za wanachama. Kwa hiyo wajulishe viongozi wa ushirika mapema, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka kuitaarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwisho, ingia kwenye akaunti yako ya wingu na upitie kila kanda, yaani kila eneo ambako mtoa huduma ana vituo vya data, hata zile usizozitumia, kwani funguo zilizoibwa hutumika kuwasha mashine nyingine huko.