Jiwe uliloliokota ni kimondo kweli? Jifunze kwa Allende

Mtu akiokota jiwe jeusi zito tu, tayari anatangaza kimondo, ngoja kwanza. Mwalimu mzuri hapa ni Allende, kile kimondo cha mawe kilichopasuka juu ya Chihuahua, Meksiko, usiku wa tarehe 8 Februari 1969, watu wakaokota zaidi ya tani mbili za vipande.

Anza na nje. Kimondo kikishuka uso wake unayeyuka kwa joto, kwahiyo kikiwa kipya kinakuwa na ganda jeusi jembamba sana. Ukiona vitundu vitundu kama sponji, mara nyingi hiyo ni taka ya kuyeyushia chuma au jiwe la volkano, achana nalo. Afu lisugue nyuma ya kigae, ule upande usiong'aa, likiacha mstari mwekundu au mweusi uliokolea basi ni madini ya hapahapa duniani.

Sumaku sasa, hapa ndo wengi wanaharibu. Usiibandike kwenye jiwe! Sumaku kali inafuta alama za usumaku wa kale ambazo wanasayansi wanazitafuta. Kama lazima ujaribu, ning'iniza kasumaku kadogo kwa uzi uone kama kanavutwa, na usitegemee maajabu maana Allende yenyewe inavuta kidogo tu, chuma tupu ndani yake ni haba.

Utamu uko ndani. Kama jiwe lilishavunjika, shika lenzi uangalie pale lilipovunjika. Allende ni kijivu cha giza chenye vipunje vya mviringo vya kama milimita moja, vinaitwa kondruli, ni matone ya mawe yaliyoyeyuka yakaganda yakielea angani, na kati ya kondruli hizo kuna madoa meupe yasiyo na umbo maalum, yamejaa kalsiamu na aluminiamu. Hayo meupe yana miaka kama bilioni 4.567, na ndo yanatumika kuhesabia umri wa mfumo wetu wa jua. Tena yamekutwa na magnesiamu-26 (aina mojawapo ya magnesiamu) iliyozidi, iliyobaki baada ya aluminiamu-26, aina ya aluminiamu yenye mionzi, kuoza, na hiyo aluminiamu-26 nusu yake inaisha ndani ya miaka kama 700,000 tu, yaani ilikuwa bado mbichi kabisa wakati madoa yanaganda!

Ukiona dalili hizo, usilioshe wala usilishikeshike, lifunge kwenye foili safi, andika ulipoliokota na tarehe, afu lipeleke idara ya jiolojia ya chuo kikuu wakalipime.