Kujifunza ngumi bila kocha: anza na miguu, begi lisubiri

Anayeishi Chanika, Kibada au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, na anataka kujifunza mchezo wa kupigana anazijua shida zake: klabu ziko mbali, foleni inakula jioni nzima, na mtaani kwake hakuna anayefundisha. Kabla hujanunua chochote, chagua mchezo unaokubali mtu mmoja. Judo na mieleka haikubali. Bila mwenzako wa kushika na kuangusha, utaishia kujua kuanguka tu. Karate na taekwondo zinakubali nusu, ila mateke ya juu yanayofanywa bila jicho la mwalimu huumiza nyonga na goti taratibu, na mtu anakuja kushtuka wakati kosa limeshakuwa mazoea. Ngumi ndiyo nafuu. Makonde ya msingi ni machache, vifaa vinatengenezeka, na Dar hutakosa wa kukusahihisha baadaye. Huu ni mchezo ulioipa Tanzania dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur mwaka 1998 kupitia Michael Yombayomba, na watu waliowahi kuvaa glovu wako mitaa mingi.

Ukiwa peke yako unaweza kujenga mkao, miguu, makonde ya kunyooka na pumzi. Huwezi kujifunza kupima umbali wa mtu anayesogea, wala kutulia konde linapokujia. Hayo yanataka mtu, na yana mahali pake huko mbele.

Mwezi wa kwanza ni wa sakafu

Usitundike begi la kupigia ngumi bado. Begi humdanganya anayeanza: likilia kwa kishindo anaona ameweza, kumbe miguu imefungana na mkono wa pili umeshuka kiunoni.

Chora mstari wa chaki wa mita 2 sakafuni, au bandika ile solotepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unatangulia. Vidole vya mguu wa kushoto viwe upande wa kushoto wa mstari, kisigino cha kulia kiwe upande wa kulia, nafasi katikati ikilingana na upana wa mabega. Kisigino cha nyuma kinyanyuke sentimita 2 au 3. Magoti yalegee kidogo, uzito ugawane nusu kwa nusu, kidevu kiiname, ngumi ya kulia ikae shavuni na ya kushoto mbele yake kidogo, viwiko karibu na mbavu. Mwombe yeyote aliyepo nyumbani akusukume kwa kiganja, kwanza kifuani, kisha begani. Ukiyumba, mara nyingi ni kwa sababu miguu yote miwili imekaa juu ya mstari badala ya kuuacha katikati.

Kutembea kuna sheria moja: mguu ulio upande unaokwenda ndio unaotangulia, na mwingine unafuata umbali uleule. Ukienda mbele, unaanza wa mbele. Ukirudi, unaanza wa nyuma. Ukienda kulia, unaanza wa kulia. Hatua iwe nusu ya unyayo. Miguu haipishani na haigusani kamwe, kwa sababu hapo ndipo hata konde jepesi linapomwangusha mtu.

Ili ujipime, chana kipande cha khanga kuukuu, ukifunge kutoka kifundo cha mguu mmoja hadi kingine ukiwa kwenye mkao, kining'inie kidogo tu. Tembea polepole pande zote nne. Kikiburuta sakafuni, miguu imekaribiana mno. Kikikubana, hatua ni ndefu. Dakika 3 za kitambaa hiki zina faida kuliko video nyingi utakazoangalia. Kifungue kabla ya kuongeza kasi au kuruka kamba, la sivyo utaokota meno.

Mahali pa kufanyia pana maana. Vigae vya sebuleni vikishapata jasho vinateleza. Mchanga laini wa ufukweni, Coco au Kigamboni, unang'ang'ania unyayo, kisigino hakizunguki na goti ndilo linalosokotwa. Ufukweni kimbia tu, ngumi zifanyie kwenye saruji kavu au udongo ulioshindiliwa, ukiwa na raba.

Makonde mawili yanatosha

Konde la mbele, jebu kwa lugha ya mabondia, linatoka pale mkono ulipo. Usiuvute nyuma kwanza. Bega la kushoto linapanda hadi kugusa kidevu, ngumi inageuka kiganja kikitazama chini mwishoni, kisha inarudi kwa njia ileile na kwa kasi ileile. Kurudi ndiko kunakosahaulika: wengi hurusha haraka, halafu mkono ukarudi umepitia kiunoni.

Konde la nyuma linaanzia mguuni. Kisigino cha kulia kinageuka nje, kama unazima kipisi cha sigara, nyonga inafuata, kisha bega, mkono ukiwa wa mwisho. Ukilirusha kwa bega peke yake halina nguvu na linakuvuta mbele. Toa pumzi kwa kifupi puani kwa kila konde. Anayeibana pumzi huishiwa kabla raundi haijafika nusu.

Makosa mawili unaweza kuyakamata bila kocha. Kiwiko kinachofunguka nje: simama ubavu wa kushoto ukiwa sentimita chache kutoka ukutani, rusha jebu taratibu, na kiwiko kikigusa ukuta ujue konde lako linazunguka badala ya kunyooka. Kidevu kinachonyanyuka: kunja soksi mbili kuwa donge, libane kati ya kidevu na kifua, upige raundi nzima. Likidondoka umemwonyesha mpinzani kidevu.

Huku (konde linalozunguka kutoka ubavuni) na apakati (konde linalopanda kutoka chini) ziache hadi mwezi wa tatu. Ni tamu kuangalia, lakini bila miguu zinakufundisha kuyumba.

Simu ndiyo jicho lako

Iegemeze kwenye kiti cha plastiki, urefu wa kiuno, mita 3 au 4 kutoka ulipo. Tumia kamera ya nyuma, kwa sababu baadhi ya simu hugeuza picha ya kamera ya mbele na utajiona kama bondia wa mkono wa kushoto. Rekodi raundi moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni, kisha uiangalie kwa mwendo wa polepole ukitafuta jambo moja tu: leo miguu, keshokutwa mkono unaobaki shavuni. Anayetafuta makosa yote kwa pamoja harekebishi hata moja.

Kwa masomo ya mtandaoni, chagua mwalimu mmoja na ukae naye miezi mitatu. Dalili nzuri ni kwamba kamera yake inaonyesha miguu. Anayeonyesha mikono tu kwenye fremu, mpite. Badala ya vipande vya watu kuangushwa, pakua pambano zima la ridhaa, la raundi 3 za dakika 3, uangalie miguu ya mabondia tu mwanzo hadi mwisho. Utaona makonde mengi yanakosa kwa sababu mtu alisogea nusu hatua.

Ratiba na joto

Siku tatu kwa wiki, zikiachana, dakika 45 zinatosha. Kamba raundi 3 za dakika 2 (ukiikanyaga katikati, vishikio vifike kwapani). Kisha raundi 4 za kupigana na kivuli, yaani kurusha makonde hewani, dakika 3 kila moja na mapumziko ya dakika 1: ya kwanza miguu peke yake, ya pili jebu, ya tatu jebu na konde la nyuma, ya nne changanya. Malizia na pushapu, tumbo na kujinyoosha.

Ongeza raundi moja ya kukwepa. Shusha kamba ya kuanikia nguo hadi usawa wa bega, tembea chini yake ukipeleka kichwa kushoto na kulia. Ukunje magoti. Ukikunja mgongo macho yataangalia chini, na mgongo utakuuma kesho yake.

Fanya alfajiri au baada ya magharibi, hasa Februari na Machi. Unyevu wa Dar unazuia jasho kukauka, hivyo mwili unachelewa kupoa. Kizunguzungu, baridi ya ghafla au kichefuchefu maana yake acha, kaa kivulini, jimwagie maji. Ukitoka jasho jingi, changanya lita 1 ya maji safi na salama na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Begi na bandeji

Mwezi wa pili begi linaruhusiwa. Uzito wake uwe kama nusu ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 anahitaji kilo 30 hivi. Nunua turubai zito, mpelekee fundi viatu alishone liwe mfuko wa urefu wa mita 1 na kipenyo cha sentimita 35. Jaza mabaki ya vitambaa ya fundi cherehani au mitumba chakavu, ukikata zipu na vifungo vyote. Shindilia kila sentimita 20 kwa mti, bila haraka, maana sehemu uliyoiachia itabonyea ndani ya wiki.

Mchanga usimwage ndani. Unashuka wote chini, unakuwa mgumu kama tofali, na kifundo cha mkono kinalipa. Kama begi ni jepesi, weka vifuko vya mchanga vya kilo 2 katikati kabisa, vikizungukwa na nguo kila upande.

Silingibodi ya jipsamu haibebi begi. Litundike kwenye boriti imara, tawi nene la mwembe, au chuma alichokuchomelea fundi, kwa mnyororo, kwani kamba hulika. Kenchi za paa usizitumie bila kumuuliza fundi, na katika nyumba ya kupanga muulize na mwenye nyumba.

Kwa bandeji, ile ya krepu ya duka la dawa, upana wa sentimita 5 na urefu wa mita 4.5, inafaa. Kidole gumba kwanza, mara 3 kwenye kifundo cha mkono, vuka mgongo wa kiganja, mara 3 kwenye vifundo vya vidole huku umevitanua, pita katikati ya vidole, zungusha gumba mara moja, malizia kifundoni. Kunja ngumi: ibane. Fungua: ilegee. Ncha za vidole zikifa ganzi, rudia upya. Glovu zivaliwe juu yake hata siku ya haraka.

Piga kwa nusu ya nguvu zako kwa wiki nne za mwanzo, na utue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Kutua kwa kidole cha mwisho ndiko kunakovunja mfupa wa kiganja chini yake. Maumivu ya ngozi ni kawaida. Maumivu ya ndani ya kifundo yanayobaki hadi kesho yake yanataka mapumziko, na uvimbe usioshuka unataka eksirei.

Ukipata mwenzako

Chezeni kugusana: mikono wazi, bila nguvu, kwenye mabega na magoti tu, dakika 2. Hapo utaanza kuujua umbali. Kupigana kichwani bila mtu mwenye ujuzi wa kuwasimamia, hapana, hata kama mna kofia. Kofia inapunguza michubuko, haizuii ubongo kutikisika. Aliyegongwa akaumwa kichwa, akatapika au akasahau mambo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya miezi mitatu, tenga Jumamosi moja kwa mwezi uende klabu, Manzese, Temeke au yoyote unayofika kwa daladala mbili. Beba bandeji zako, kinga ya meno na maji. Msalimie kocha, mwambie umejifundisha mwenyewe nyumbani na unaomba akuangalie mkao na jebu. Akitaka uingie ulingoni siku hiyohiyo na mtu usiyemjua, kataa kwa adabu na uombe raundi mbili za padi, zile anazovaa kocha mikononi ili uzipige.