Kabla hujafungua handaki: nani anakuja, na atakuta nini?

Kompyuta iliyo nyuma ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani au ofisini, inaishi kama mtu aliye ndani ya boma: yeye hutoka apendapo, lakini mgeni wa nje hana njia ya kupiga hodi. Anwani yake kwa kawaida huanza na 192.168 au 10, na namba hizo zilitengwa tangu 1994 kwa ajili ya mitandao ya ndani tu. Kuna watoa huduma za intaneti ambao huongeza ukuta wa pili kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo hata ukijua kufungua poti, yaani mlango wa kupitishia wageni, kwenye ruta yako, haikusaidii kitu.

Kwa hiyo tukitaka mtu wa nje afikie tovuti au mafaili yaliyo kwenye kompyuta yetu, tunakimbilia programu za handaki: ngrok, Cloudflare Tunnel, zrok, Tailscale na nyinginezo. Programu inakaa kwenye kompyuta yako, inafungua muunganisho kwenda kwenye seva (kompyuta ya kuhudumia wengine) iliyo nje, kisha wageni wanaletwa ndani kupitia muunganisho huohuo. Ruta haigombi, maana ijuavyo ni kwamba wewe ndiye uliyetoka. Amri ni moja na inachukua sekunde chache, na wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi.

Anza na mgeni. Je, unaweza kuwataja kwa majina wote watakaotumia hicho unachotaka kushiriki? Kama unaweza, huna sababu ya kufungua kiungo cha hadharani. Kwenye zrok, kushiriki kwa faragha hakutengenezi anwani yoyote ya wavuti. Unapewa tokeni, yaani msimbo mfupi wa kuingilia, na mwenzako naye anaendesha zrok upande wake, akiitumia tokeni hiyo kuingia. Kwenye Tailscale, kipengele cha Serve huishia ndani ya mtandao wenu wenyewe, ilhali Funnel hufungulia dunia nzima. Hadharani pawe kwa wale usioweza kuwadai wasakinishe kitu: mteja anayetaka kuona tovuti kabla haijakamilika, au huduma ya malipo inayotuma taarifa kwenye programu unayoijaribu.

Wapo wanaojitetea kwamba kiungo chao ni mchanganyiko wa herufi usiobahatishika. Kwanza, viungo husambazwa na watu kwenye makundi bila nia mbaya. Pili, ukitumia jina lako mwenyewe la tovuti lenye cheti chake cha HTTPS (kinachothibitisha tovuti na kulinda mawasiliano yake), jina hilo huandikwa kwenye daftari la wazi la vyeti, ambalo Chrome imekuwa ikilidai kwa vyeti vipya tangu 2018. Daftari hilo husomwa na yeyote, zikiwemo roboti zinazotafuta pa kuingilia.

Sasa jambo ninaloona linasahaulika kuliko yote. Programu ya handaki inaendeshwa kwenye kompyuta yako, kwa hiyo kwa kawaida kila ombi linalopita humo huifikia seva yako, yaani programu unayoishiriki, kama limetoka 127.0.0.1, yaani kwenye kompyuta hiyohiyo. Kwa macho ya seva yako, mtu aliye bara jingine ni wewe. Kama programu yako ina kanuni ya kutodai nenosiri kwa aliye kwenye mashine yenyewe, umewapa wote funguo. Mfano mzuri ni Redis, programu ya hifadhidata. Kwa kawaida yake haina nenosiri, lakini tangu toleo la 3.2 ina kinga inayowakataa wageni na kumkubali wa 127.0.0.1 peke yake. Ipitishe kwenye handaki la hadharani, kinga hiyo itawapokea wageni kwa heshima zote. Hifadhidata zipitie njia ya faragha au zisipite kabisa, na hata kwa faragha ziwe na nenosiri.

Dosari hiyohiyo ina sura nyingine. Ukiweka sheria ya kumfungia anayekosea nenosiri mara tano kwa kuangalia anwani yake ya IP, utajikuta umewafungia wote, kwa kuwa wote wana anwani moja. Kwa handaki la wavuti, anwani halisi kwa kawaida huwa kwenye kichwa cha ombi (maelezo yanayotangulia ombi lenyewe) kiitwacho X-Forwarded-For, na seva yako yafaa ikiamini pale tu ombi linapoletwa na programu ya handaki. Vinginevyo mtu yeyote anaweza kukijaza uongo.

Kwa upande wa mafaili, tengeneza folda mpya na unakili humo kile tu unachotaka kionekane. Mimi niliwahi kushiriki folda moja juu ya ile niliyokusudia, nikagundua baada ya saa kadhaa kwamba mwenzangu angeweza kufungua rasimu za barua zangu zote. Alikuwa muungwana, akaniambia. Angalia pia mafaili yanayoanza na nukta, kama .env, ambamo siri za programu huwekwa, na folda ya .git, yenye historia ya msimbo: mara nyingi wewe huyaoni ukifungua folda kwa kawaida, lakini seva ya mafaili inaweza kuyatoa kwa yeyote anayeyaulizia kwa jina.

Kama unashiriki tovuti unayoijenga, zima hali ya kutafuta makosa (debug). Ukurasa wa makosa wa Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, humwonyesha mgeni vipande vya msimbo wako na mipangilio, na ule wa Werkzeug, unaotumiwa na Flask, zana nyingine ya aina hiyo, unaweza kuendesha amri za Python moja kwa moja kwenye kivinjari, ukilindwa na namba ya siri tu. Na pale Django au Vite (zana nyingine ya kujengea tovuti) inapolikataa jina la handaki lako, liandike jina hilo kwenye orodha ya yanayoruhusiwa. Kuweka nyota (*), inayokubali kila jina, ni uvivu, japo najua inavyovutia saa nne usiku.

Nenosiri lisimamie mlangoni, kwenye handaki lenyewe, ili asiyehusika asiifikie kabisa programu yako. Ngrok na zrok zote zina namna ya kufanya hivyo. Kumbuka vilevile kwamba kwa kawaida, kwenye viungo vya hadharani vya ngrok au Cloudflare, usimbaji, yaani fumbo linaloficha data njiani, hufunguliwa kwenye seva zao kabla data haijaja kwako. Kwa picha za mradi haina neno. Kwa rekodi za wagonjwa au mishahara, tafuta njia ambayo usimbaji wake hufunguliwa kwenye mashine yako tu. Kompyuta ikiwa ya ofisi, omba ruhusa kwanza.

Ukiwa tayari, chukua simu, zima Wi-Fi, tumia data, ufungue kiungo kama mgeni. Jaribu kurasa usizotaka zionekane, huku ukiangalia kumbukumbu za seva (logi), zinazoorodhesha maombi yanayoingia. Kazi ikiisha, funga handaki, kisha urudie jaribio hilohilo. Kama uliisakinisha programu ijiwashe yenyewe, iwashe upya kompyuta na ujaribu tena, maana handaki ulilolifunga jana laweza kuwa limeamka pamoja na mashine.