Namna ya Kujenga Kazi ya Maisha katika Kushughulikia Matatizo ya Jamii

Kila mwaka vijana wengi wanaomaliza vyuo nchini Tanzania husema wanataka kazi ya kuisaidia jamii, na wengi wao husema hivyo kwa dhati. Hata hivyo, wanapoanza kutafuta, hutafuta jina la shirika kabla ya kujua ni tatizo gani wanataka kulishughulikia, na matokeo yake ni miaka mitatu au minne ya kuhama kutoka mradi wa lishe kwenda wa mazingira, na kutoka wa mazingira kwenda wa ujasiriamali, kwa kufuata mahali fedha zilipo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana huyo, na pia kwa mwalimu, muuguzi au mhasibu aliyeko kazini tayari ambaye anaona kwamba ujuzi wake ungeweza kuwafaa watu kuliko unavyowafaa sasa.

Tatizo linalofaa kufanyiwa kazi kwa miaka mingi halina budi kuwa jembamba kuliko linavyotajwa kwenye hotuba. Umaskini, ukosefu wa ajira na mmomonyoko wa maadili ni majina ya jumla ambayo hayamwambii mtu akiamka asubuhi akafanye nini. Msichana anayeachishwa shule ili aolewe, mkulima anayeuza mahindi yakiwa bado shambani kwa sababu ana shida ya fedha, mjane anayenyang'anywa nyumba na ndugu wa marehemu mumewe: hayo ni matatizo yenye mahali, yenye wahusika, na yenye mtu mwenye mamlaka ya kuyabadilisha. Ukishalipata la kwako, andika kwenye karatasi moja ni nani anaumia, ni nani ananufaika hali ikibaki kama ilivyo, ni sheria, desturi au bei gani inayoliendeleza, na ni ofisi ipi inayoweza kuamua vinginevyo. Ukishindwa kueleza ni nani ananufaika, endelea kuuliza, kwa maana bado hujalielewa.

Mfano wa faida ya kulenga jambo moja tunao hapa hapa nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, ilhali umri wa mvulana kuoa uliwekwa kuwa miaka 18. Rebeca Gyumi, mwanasheria na mwanzilishi wa Msichana Initiative, alivichukua vifungu hivyo viwili na kuvipinga Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 ilitamka kwamba vinakinzana na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu ile. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2018, Gyumi alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Marekebisho ya sheria yenyewe yaliendelea kusubiriwa miaka kadhaa baada ya rufaa kwisha. Ninaueleza mwendo huu wote kwa makusudi, kwa sababu anayeingia katika kazi hii anapaswa kujua tangu mwanzo kwamba ushindi mahakamani hufuatwa na miaka ya kubisha hodi wizarani, na kwamba muda wote huo yupo msichana anayehitaji kulindwa leo, kwa hatua zilizopo leo: mwalimu mkuu, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Baada ya kulitaja tatizo, kaa karibu na wanaoishi nalo, na ukae kwa muda mrefu kuliko utakavyoambiwa inatosha. Hapa ndipo ninapoona kazi nyingi njema zinaharibika. Chukua kikundi cha kuweka na kukopa, kiwe VICOBA au cha namna nyingine. Akina mama wamekaa kwenye mkeka, sanduku la chuma liko katikati, kufuli zake tatu zinafunguliwa na watu watatu tofauti ambao kila mmoja ana ufunguo wake, kisha majina yanaitwa, hisa zinanunuliwa, muhuri unagongwa kwenye kitabu cha mwanachama. Afisa mradi anayefika na dodoso lake na kuuliza kama wanachama wamenufaika ataambiwa na wote kwamba wamenufaika sana, kisha atapigiwa makofi na kusindikizwa. Anayerudi wiki baada ya wiki, akasaidia kuhesabu fedha na kuzungumza na watu wakati wanasubiri mwenye ufunguo wa tatu, atagundua jambo ambalo dodoso halikuuliza: kwamba mama fulani hajawahi kukosa kununua hisa, lakini fedha za hisa anazipata kwa kukopa mtaani mikopo ile ya kausha damu, yenye rejesho la kila siku, ili asionekane ameshindwa mbele ya wenzake. Kwenye taarifa mama huyo anahesabika kuwa mafanikio, ilhali nyumbani kwake deni linakua. Huwezi kumsaidia usiyemjua, na hutamjua kwa ziara ya nusu saa.

Njia ya kuupata ukaribu huo haihitaji cheo. Hudhuria mikutano mikuu ya kijiji, ambayo kwa utaratibu hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, au mikutano ya mtaa wako kama unaishi mjini. Sikiliza mapato na matumizi yakisomwa, na uangalie ni nani anauliza maswali na ni nani hunyamaza. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, kwa mtendaji, na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye mara nyingi anahudumia eneo kubwa kwa usafiri hafifu na atafurahi kupata mtu wa kumsaidia kazi bila kumpa masharti. Kujitolea kwa namna hii kuna thamani, mradi uweke kikomo. Kijana anayejitolea mwaka mzima bila hata nauli, kwa ahadi kwamba nafasi itapatikana, anatumiwa, na ana haki ya kuuliza kwa maandishi ahadi hiyo itatimizwa lini.

Huruma peke yake haitoshi. Jamii ina watu wengi wenye huruma na wachache wenye ufundi unaohitajika, kwa hiyo jipatie ujuzi mmoja ambao kikundi, kijiji au shirika lingekuita kwa ajili yake hata kama lisingekupenda: uhasibu, unesi, sheria, kilimo, takwimu, lugha ya alama, uandishi wa maandiko ya miradi. Vyuo vipo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, Dar es Salaam; Taasisi ya Maendeleo ya Jamii iko Tengeru, Arusha; Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kiko Dodoma, na Chuo cha Serikali za Mitaa kiko Hombolo, Dodoma vilevile. Asiye na shahada naye asijione hana pa kuingilia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao si mawakili, na msaidizi mmoja anayeijua vizuri sheria ya mirathi na ya ardhi anaweza kuwa tegemeo la wajane wa kata nzima.

Ujuzi wa namna hiyo hufungua fedha ambazo tayari zipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, na ulirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vingi vinavyostahili hukosa mikopo hiyo kwa sababu katiba ya kikundi ina mapengo, au mchanganuo wa biashara umenakiliwa kutoka kwa jirani. Anayeweza kukaa na vijana kumi wafuga kuku wakaandika hesabu za kweli za chakula, chanjo na vifo vya vifaranga amewafanyia jambo kubwa kuliko semina ya siku tatu hotelini.

Suala la riziki lisionewe haya. Mwenye njaa hawezi kuwahudumia wengine kwa miaka ishirini, na familia yake haikuweka nadhiri. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya UKIMWI na ya afya ya mama na mtoto ilikwama ghafla katika nchi zetu, na watu waliokuwa na mikataba na ofisi nzuri walijikuta nyumbani. Fundisho kwa anayepanga ni la vitendo: kabla ya kusaini mkataba, uliza fedha zinatoka wapi na zinaisha lini, weka akiba tangu mshahara wa kwanza, tunza leseni yako ya taaluma ikiwa hai, ili mradi ukifungwa uweze kurudi hospitalini, darasani au kwenye hesabu. Ajira ya halmashauri haina mvuto wa magari ya mashirika, lakini afisa ustawi anayebaki wilayani miaka kumi hujua mambo ambayo hakuna mradi wa miaka mitatu utakaoyajua, nami ningemshauri kijana aifikirie kwa uzito inapotangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira.

Kuhusu kuanzisha shirika lako mwenyewe, subiri. Fanya kazi kwanza chini ya mtu mwingine, hasa katika upande wa fedha, hadi uweze kusoma taarifa ya mkaguzi wa hesabu bila kutafsiriwa. Ukiona kweli hakuna anayelishughulikia tatizo lako, anza na kikundi cha kijamii kilichosajiliwa halmashauri. Kazi ikikua, ndipo usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 unapokuwa na maana, pamoja na wajibu wake wa taarifa za kila mwaka. Tangu siku ya kwanza fungua akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, usichanganye fedha za kikundi na zako hata kwa kuazima hadi kesho, na ubandike mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili chepesi na tarakimu kubwa, ili wale ambao fedha ziliombwa kwa jina lao waweze kuzihoji.